Kazi Iishe Ijumaa

Karakana ya mabango, 6 Februari

Mpwa wangu Brashi,

Pokea salamu nyingi, na hizo zikiisha chukua nyingine, huku kwangu hazipimwi. Mimi ni mzima kuliko mwaka jana. Mguu wa kushoto tu ndio unajifanya mzee. Nimeuambia kama unataka kustaafu ustaafu peke yako. Mwambie mama yako, dada yangu wa pekee, kwamba lile koti alilonishonea linanibana kifuani kwa sababu kifua changu bado kinakua. (Ni tumbo. Mimi, Kinyozi.)

Usimjali. Huyu kinyozi wa mlango wa pili ndiye mwandishi wangu, unamjua, na nimeshamwambia kazi yake ni kuandika ninayosema, si kutoa maoni. Wakubwa wote duniani wana mwandishi. Mimi mikono yangu ina rangi, nikishika karatasi inachafuka. Na simu usiniulize. Ilitumbukia kwenye ndoo ya rangi ya bluu, na tangu siku hiyo ikiita inatoa sauti ya mtu anayesukutua mdomo.

Kazi zipo mpaka nakimbia wateja. Juzi nimepaka lori jipya, simba upande mmoja, jina la mama wa dereva upande wa pili. Dereva alipoliona alilia, mtu mzima na ndevu zake. (Alilia kwa sababu simba amefanana na huyo mama.)

Sasa niseme kilichonikalisha. Dereva wa basi kaniletea habari kutoka kwa mama yako kwamba mkuu wenu wa shule amestaafu, wewe umekalishwa kwenye kiti chake, kaimu, na kuna mpango wa kukuthibitisha. Brashi! Mtoto waliyekuwa wakimweka benchi la nyuma pamoja na mafagio! Yule mwalimu wako wa darasa la pili, Mzee Fimbo, si alimwambia mama yako nikiwa nimesimama hapo hapo nje ya geti, "Huyu mpeleke akajifunze kufua nguo"? Angekuwa hai ningempelekea nguo zangu zote chafu.

Nimetangaza barabara nzima. Fundi baiskeli anajua, mama wa mkaa anajua, askari wa zamu anajua. Nimewaambia chanzo ni mimi, na si uongo. Unakumbuka vioo? Jua na mvua vinakula rangi ya nje, kwa hiyo bango la kioo linapakwa kwa ndani, na ukipaka kwa ndani lazima uandike kinyume ili mpita njia asome sawasawa. Mafundi wazima wanachanganyikiwa. Wewe hata kimo cha ngazi hujafika, ukashika brashi, ukazipanga herufi kinyume kama mtu anayekunywa maji. Shuleni unachapwa kwa kugeuza herufi, kwangu unapewa soda. Nikamwambia mama yako: huyu hajakosea, dada. Amesimama upande wa ndani tu.

Na lile bango la duka la viatu! Wewe unanishikia kopo, mwenye duka kaleta maneno yake kwenye karatasi, maana mimi sipaki bila mfano. Mteja aandike mwenyewe, hiyo ni kanuni yangu ya kazi tangu ujana. Tukapaka kila kitu: DUKA LA VIATU. RANGI NYEKUNDU. KAZI IISHE IJUMAA. (Hayo ya mwisho yalikuwa maagizo kwa fundi, hayakuwa ya kupakwa. Mji mzima unajua.) Mwenye duka akaja akashika kichwa. Nikamwambia tulia, mzee, huu ndio mtindo wa ng'ambo, bango linampa mteja haraka. Na kweli watu walisukumana mlangoni wakidhani viatu vyekundu vinaisha Ijumaa! Mpaka leo lile duka linaitwa Ijumaa, na bango halijafutwa.

Basi nijibu upesi. Sherehe yako mkiifanya, ifanyeni nyumbani. Mimi geti la shule silivuki, unajua, hata kazi za kupaka kuta za madarasa nazikataa.

Ni mimi mjomba wako, bingwa wa mabango kuanzia hapa mpaka macho yanapoishia.


Nyumbani, 2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Na wewe Kinyozi, hujambo na mashine zako? Najua ndiye unayesoma haya kwa sauti, na yeye amekaa kwenye kiti cha wateja anakukatiza. Mwache amalize, Mjomba.

Hatujambo. Mama anasema koti halina kosa, na kwamba mguu ukapimwe. Bati la jikoni lilianza kuvuja, akapanda mwenyewe kuliziba, nimerudi kutoka kazini namkuta juu ya paa ananiuliza mbona nimechelewa. Umri wake anaujua yeye na paa.

Ni kweli nimekaa kwenye hicho kiti. Kinazunguka na kinapiga kelele. Lakini darasa langu sijaliacha, hasa wale wa meza ya dirishani. Hao ndio wenzangu. Herufi kwao hazikai mahali pake. Sikuwapa fimbo, niliwapa brashi pana na ndoo ya maji, wanaandika kwenye ukuta wa nje, herufi moja kubwa kama mtu. Jua likiifuta wanaandika tena. Wageni wakipita wanauliza kwa nini watoto wanacheza saa za masomo. Mwisho wa mwaka hao wanaocheza wanasoma.

Sasa jambo lenyewe. Makamu wangu alikitamani kile kiti kabla hakijapoa. Amekwenda kwa mkaguzi wa elimu akamwambia, "Kaimu hawezi kusoma hata waraka, anasomewa na mwalimu wa darasa la tatu." Mjomba, hakusema uongo. Kila Jumatatu wakati wa chai waraka unasomwa kwa sauti mbele ya walimu wote. Niliagiza mimi. Kabla yangu nyaraka zilitundikwa ukutani zikasomwa na nzi.

Mkaguzi akaja. Mpole, viatu vinang'aa. Akaniambia, "Mwalimu, ipo desturi hapa, mkuu mtarajiwa anasoma waraka wa mwaka mbele ya wazazi kabla kamati haijapiga kura." Nimefundisha shule hii tangu ujana wangu, hiyo desturi sijawahi kuiona. Waraka utakuja kwenye bahasha iliyofungwa, utafunguliwa pale pale. Mkutano ni mwezi wa tano.

Siogopi kusoma. Nasoma, Mjomba, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja, na ng'ambo nafika. Ninachoogopa ni kuangaliwa nikivuka. Mzee Fimbo alikufa lakini kicheko cha lile darasa hakikuzikwa naye. Siku ya mkutano... hapana, sitaki kumaliza hiyo sentensi. Kinyozi, ipite.

Na swali moja, nimelibeba miaka mingi. Kwa nini barua zako zote anaandika mtu mwingine? Rangi inatoka kwa mafuta ya taa.

Mpwa wako,
Brashi


Karakana, 15 Machi

Brashi wangu,

Salamu, afya, baraka, vyote. Mguu unaendelea na ukaidi wake. Mwambie mama yako ashuke juu ya paa.

Kuhusu swali lako la mwisho: huku mvua imenyesha sana. Mitaro imejaa. (Nimemsomea swali mara mbili.) Nimesema mvua imenyesha, andika mvua.

Sasa tuongee mambo ya wakubwa. Huyo mkaguzi mwenye viatu vya kung'aa namjua bila kumwona, nimewapakia mabango watu wa aina yake. Anataka uanguke mbele za watu ili asilazimike kukusukuma. Basi usianguke! Ni rahisi. Kila ofisi ina mtu anayepeleka chai na mtu anayebeba bahasha. Tafuta huyo wa bahasha, mchekeshe kidogo, upate waraka siku moja kabla. Mwalimu mwenzako akusomee, wewe sikiliza tu. Kichwa chako ni sumaku, tangu mdogo, ukisikia kitu hakitoki. Siku ya siku unasimama, unashika karatasi, macho unayapeleka kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayeangalia mpira. Ukifika katikati kohoa. Kukohoa kunaonyesha umesoma sana.

Mimi nimepita duniani kwa njia hiyo. Leseni ya udereva nilipata hivyo. Mkataba wa karakana nilisaini hivyo, mwenye nyumba akasoma, nikamwambia rudia pale kwenye choo, akadhani mimi ni mwanasheria. Hotelini naagiza alichoagiza mtu wa meza ya jirani, na sijawahi kula vibaya ila mara moja, ilikuwa dawa yake ya tumbo. Nimefika miji ambayo wenye shahada zao wanaisikia redioni, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu nikakosa jibu!

Kwa hiyo fanya ninavyokwambia. Wakishakupa kiti, nani atauliza? Uongo unaokaa muda mrefu kwenye kiti unaitwa uzoefu.

Usiposhinda nitakuja huko niwapake rangi wote.

Mjomba wako, asiyeshindwa


Nyumbani, 9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hii ni yako peke yako. Kwenye bahasha nimechora mkasi na kuupiga msalaba. Maana yake usimpe Kinyozi. Nimeandika kwa herufi za bango. Nimeacha nafasi.

Humu kuna kadi. Nimeikata dirisha katikati. Iweke juu ya neno. Utaona neno moja. Mengine yatasubiri. Mimi husoma hivyo. Watoto wangu husoma hivyo.

Polepole. Hakuna anayekuchungulia.

Herufi unazijua zote. Hakuna anayezipaka kama wewe. Zikikusanyika ndipo zinapigana. Najua, kwa sababu kwangu zinapigana pia.

Mpango wako ulikuja wenyewe. Karani wa mkaguzi alileta bahasha jana. Alisema, "Soma leo, mama, kesho nitaifunga tena." Ana moyo mzuri. Nilimrudishia. Sikuifungua.

Nikiwa mtoto nilikariri hadithi nzima. Nilisimama mbele ya darasa. Sikukosa neno. Ila nilisahau kufunua ukurasa. Unajua walivyocheka. Sitakariri tena.

Nikikariri, niwaambie nini wale wa meza ya dirishani? Niwafundishe kukohoa?

Mjomba. Lile bango la viatu. Haukuwa mtindo wa ng'ambo.

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Ulisema, "Soma, Brashi." Nilisema, "Paka vyote." Hukuuliza. Sikuuliza. Tulipaka vyote kwa sababu hatukujua yapi ni ya kupaka.

Wewe na mimi tuko upande wa ndani.

Mimi sina aibu tena. Nataka na wewe usiwe nayo.

Mkutano ni Jumamosi. Nitasoma na kadi mkononi. Wote wataiona.

Brashi


Karakana, 20 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Mimi mzima. Kazi zipo. Msalimie dada yangu.

Lile bango lilikuwa mtindo wa ng'ambo. Nimesema. (Sijui anajibu nini. Ameniambia niandike hivyo.)

Mkutano ulikwendaje? Mbona kimya? Mama yako naye kimya, dereva wa basi anasema hakupewa neno. Usinifiche. Kama walikucheka nitajie mmoja mmoja, nitawapaka kwenye ukuta wa stendi na masikio ya punda, kwa rangi ya mafuta, isifutike mpaka wajukuu wao wazeeke.

Leo sina maneno mengi. Nina shughuli.

Mjomba

(Ameondoka, ameniachia nibandike stempu. Binti, mimi Kinyozi. Barua yako ya mwezi uliopita hakuniletea. Niliiona bahasha na ule mkasi wangu uliopigwa msalaba, nikaelewa, na sikukasirika sana. Ila nataka ujue: hakumpa mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana majibu yamechelewa. Amekuwa akifunga mlango wa karakana mchana kweupe, wateja wanagonga, anajibu kutoka ndani kwamba rangi inakauka.)


Ofisini, 11 Julai

Shikamoo Mjomba,

Hii mwachie Kinyozi aisome kwa sauti, na asiruke kitu. Mama hajambo. Kwenye paa ameshuka, sasa anagombana na fundi bomba. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu la ofisi, na nilitaka nikuletee habari nzima, si kipande.

Siku ile ukumbi ulijaa. Wazazi wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Makamu kavaa suti mpya, kakaa mbele. Mama kakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyejiandaa kunichukua turudi nyumbani.

Mkaguzi akachana bahasha, akanipa. Nikatoa kadi yangu. Nikaiinua juu. Nikasema, "Hii ni kadi yenye dirisha. Herufi kwangu hazitulii, tangu mtoto, kwa hiyo nasoma neno moja moja. Nitachelewa. Mwenye haraka mlango uko wazi." Mtu akacheka upande wa kulia. Nikamsubiri mpaka akamaliza. Hiyo ilikuwa dakika ndefu kwake kuliko kwangu.

Nikaanza. Mjomba, nilikwama. Sitakudanganya. Neno la kwanza refu lilinigeukia, nikalirudia, likanigeukia tena. Makamu akakohoa (nikakukumbuka). Baba mmoja akapaza sauti, "Si asome mwingine tumalize?" Mama wa mtoto mmoja wa meza ya dirishani, muuza vyombo, akamgeukia: "We nawe kaa kimya! Miaka yote wanatusomea mbio mbio kama wanafukuzwa, leo kwa mara ya kwanza nasikia kilichoandikwa." Watu wakacheka, lakini kicheko hicho kilikuwa cha upande wangu.

Nikaendelea. Jiwe, jiwe. Usafi wa vyoo. Jiwe. Sare. Jiwe. Kisha nikafika kifungu kimoja, nikawa nakisoma bila kujua kinakwenda wapi, na ukumbi mzima nao haujui, tunakwenda pamoja neno kwa neno: mwanafunzi... ambaye... hajamudu... kusoma... mwisho... wa darasa... la pili... arudishwe... kwa mzazi... hadi... atakapokuwa... tayari... ili... asishushe... wastani... wa shule.

Nikasogeza kadi, hakuna neno lingine. Nukta.

Halafu nikasikia sauti kutoka mlangoni, ya mama. "Rudia hapo, mwanangu. Huku nyuma hawajasikia." Walikuwa wamesikia. Yeye ndiye aliyewahi kuyasikia maneno hayo, yakiwa na nguo za kufua ndani yake. Nikarudia yote, mstari mzima, safari hii bila kukwama.

Nikaweka karatasi mezani. Nikasema, "Mwanafunzi huyu ni mimi. Kifungu hiki kwenye shule hii hakitafanya kazi."

Mkaguzi akasimama. "Mwalimu, umeombwa kusoma. Hukuombwa kujibu."

Nikamwambia, "Mlitaka kujua kama naweza kusoma. Nimesoma. Na nimeelewa, ndiyo maana nakataa."

Sikupiga kelele, Mjomba. Ungekuwepo ungenidharau, wewe ungerusha kiti.

Kamati ikapiga kura kwa mikono. Mwenyekiti aliinua wa kwanza, mama wa vyombo wa pili, na wengine wakafuata. Makamu mkono wake aliuinua nusu, kama mtu anayejikuna sikio, mwenyekiti akamuuliza, "Unapiga kura au unawashwa?" Akaushusha. Hakunipigia wala hakunipinga.

Kisha kusubiri. Juzi bahasha ya ofisi ya elimu imefika, imebeba karatasi mbili. Ya kwanza inanithibitisha kuwa mwalimu mkuu, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Ya pili ni onyo kali kwa kukaidi waraka. Bahasha moja, Mjomba! Inaelekea waliona wasiharibu stempu mbili. Nimezitundika zote ukutani, bega kwa bega, onyo nimelipa fremu nzuri zaidi. Wanaweza kuniondoa mwakani. Lakini mwaka huu hakuna mtoto wa meza ya dirishani aliyerudishwa nyumbani, na hatarudishwa mimi nikiwa kwenye hiki kiti chenye kelele.

Sasa nina kazi ya fundi. Mlango wa ofisi yangu una kioo. Jina la mkuu aliyepita nimelikwangua kwa wembe. Nataka maneno mapya, makubwa, yapakwe kwa ndani ili asiyafute mtu, na watoto wa meza ya dirishani wakae wamwone mtu anayeandika kinyume kwa makusudi na kushangiliwa.

Najua ulishasema geti la shule hulivuki. Nimelisikia tangu sijui kutembea. Sikubembelezi. Nakuagiza kazi.

Nikutumie mfano wa maneno kwenye karatasi, kama kanuni yako inavyotaka? Au uje tu?

Mwalimu Mkuu (kwa majaribio, na kwa onyo kali),
Brashi


Karakana, 3 Septemba

Mpwa wangu, Mwalimu Mkuu, Mheshimiwa Onyo Kali,

Salamu zangu leo zimevaa tai. Kinyozi ameisoma barua yako mbele ya wateja wote, mmoja alikuwa na povu nusu ya uso, akakataa kunyolewa upande wa pili mpaka aambiwe kura ilikwendaje. Ulipofika pale mama yako aliposema rudia, fundi baiskeli akatoka nje kidogo kwamba kuna vumbi. (Yeye mwenyewe ndiye aliyetoka nje. Fundi baiskeli hakuwepo.)

Nimewaambia watu kwamba ule moyo umeurithi kwangu. Ule utulivu sijui umeutoa wapi, mimi ningemrushia kiti na viatu vyake vinavyong'aa ningevipaka nyekundu. Bahasha moja! Ningekuwa mimi ningewarudishia ile ya onyo nikawaambia waongeze ukali, haujatosha.

Mwambie dada yangu kwamba siku ile ya Mzee Fimbo nilisimama nje ya geti. Nilimsikia, na sikuingia. Yeye anajua kwa nini, na sasa na wewe unajua, tusilizungushe.

Mguu nimepimwa. Daktari kasema nipunguze ngazi. Nimemwambia apunguze yeye kwanza bei.

Na kuhusu kadi yako, sijaiona, haikufika, labda posta imeila. (Binti, usimsikilize. Anayo mfukoni mwa shati, ina alama za vidole vya rangi zote. Kila mchana anakuja dukani kwangu anakaa chini ya yale magazeti na matangazo niliyobandika ukutani, anaweka kadi, anasogeza. Mwanzo alikuwa ananiambia anapima ukuta kwa ajili ya kupaka. Wiki iliyopita aliruka kitini akasema, "Kumbe hapa umeandika watoto nusu bei, na mwaka wote umemtoza mjukuu wa fundi baiskeli bei nzima!" Nimelibandua lile tangazo.) Kinyozi, umeandika nini hapo? Mbona maneno marefu hivyo? Lete.

Lete na kalamu.

(Ametaka kalamu. Nampa. Kiti changu nacho amekichukua, mimi nimesimama kama mteja. Ametoa kadi. Tangu hapa si mimi.)

BRASHI

USINIANDIKIE MFANO

MANENO NAYAJUA

NAKUJA JUMATATU GETI LIWE WAZI

KAZI IISHE IJUMAA